Lile Kusudi la Nne Ulilotusomea

Baba,

Nimeianza barua hii mara tatu, na kila mara nimeandika "Baba mpendwa" halafu nikalifuta lile neno la pili. Leo nimeacha "Baba" peke yake. Wewe ni baba yangu, hilo halibadiliki. Hayo mengine ndiyo nataka tuyazungumze.

Kwanza habari za nyumbani. Masika mbili zimepita tangu tukuzike. Mama hajambo kiasi, ila goti la kulia linamsumbua asubuhi. Ile mihogo uliyoipanda nyuma ya nyumba tumekwisha kuila yote, imebaki mbegu tu. Kijiji kipya sasa kina pampu ya maji, na watu wamezoea kukiita kijiji, hawakiiti tena kambi. Reli ile iliyokuwa ikijengwa na Wachina ulipokuwa hai inafanya kazi, na upepo ukivuma huku tunasikia honi ya treni kwa mbali. Na mimi sikai tena Ipogolo. Kile chumba changu chini ya mlima nimekirudisha kwa mwenyewe. Sipandi tena mlima kwenda ofisini mjini Iringa. Sababu yake ndiyo barua hii.

Unamkumbuka Bwana Msigwa, karani mkuu? Yule uliyemletea mchele siku uliponipeleka kuanza kazi, akakushukuru kwa mikono miwili. Kiangazi cha mwaka jana aliniletea faili kuukuu, kingo zake zimeliwa na mchwa. Akaniambia, "Dada Sekela, hili lipige upya lote, nakala mbili. Linaoza." Juu ya jalada pameandikwa: Kuanzishwa kwa Hifadhi ya Kaskazini, na Makusudi Yake.

Nilifurahi, Baba. Hilo usilisahau unaposoma yanayofuata. Nilifurahi kwa sababu nilijua nitalikuta jina lako humo. Nikajisogeza kwenye kiti, nikafuta miwani, nikaingiza karatasi kwenye mashine ya taipu kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Mkutano ule wa kutangaza hifadhi naukumbuka wote. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimekaa na akina mama upande wa ghala la mpunga, pale Lwanyingo kwetu. Yule mkubwa wa idara ya wanyama alikuja na gari, amevaa soksi ndefu hadi magotini, akasalimia kwa Kiswahili na kusema maneno machache. Kisha akakukabidhi karatasi. Alisema wazee wengi hawasikii Kiswahili vizuri, basi Bwana Yohana, askari wetu wa wanyama na mwenyeji wenu, atawasomea kwa Kisangu. Ukasimama na ile sare yako ya kaki. Mama aliipiga pasi ya mkaa asubuhi ile mpaka mistari ya suruali ikasimama.

Ukasoma. Kusudi la kwanza, kuwalinda tembo na wanyama wengine wasimalizwe na bunduki. La pili, kuulinda mto na matindiga yake, yale maeneo ya kinamasi, maji yasije yakakauka huko yanakokwenda. La tatu, kuwaachia samaki na ndege mahali pa kuzaliana. Mzee Kalinga alikuwa akichora chini kwa fimbo yake.

Halafu ukasoma la nne. Ulisema wenyeji wa Lwanyingo watabaki katika nyumba zao, watavua samaki na kurina asali kama walivyozoea, na watazikwa pale walipozikwa babu zao. Akina mama walipiga vigelegele, Baba! Mama yangu aliruka juu, yeye asiyerukaruka. Mzee Kalinga akainuka na kusema kwa sauti, "Kama ni hivyo, walinzi wenu wa kwanza ni sisi wenyewe." Yule mkubwa, asiyejua Kisangu hata neno moja, akatikisa kichwa kukubali na kutabasamu. Wewe uliinamia karatasi muda mrefu. Nilidhani unatafuta mahali ulipoishia.

Kiangazi kilichofuata yakaja malori.

Hapo sitaandika mengi, ulikuwepo. Nitaandika moja tu, kwa sababu limenirudia kila siku tangu nilipolisoma faili. Ulisimama mbele ya lori la kwanza ukainua mikono, ukapiga kelele, "Hatukukubaliana hivi!" Askari wakakusukuma ukaanguka, kofia ikakanyagwa. Mke wa Mzee Kalinga alikuwa hajatimiza hata wiki tatu kaburini. Mzee alikaa juu ya udongo ule mbichi akakataa kuinuka, wakambeba wanaume wawili kama wanavyobeba gunia, na wewe ukatembea kando yake umemshika mkono. Ulikuwa unalia. Niliyaona machozi yako kwa macho yangu.

Na hapa tulipotupwa, ni wewe uliyezunguka kila familia ukiwapa moyo. Ni kwa sababu hiyo watu walikujengea wewe nyumba kabla ya kujijengea wao. Ulipofariki kijiji kizima hakikwenda shambani siku tatu. Mzee Kalinga alisema juu ya kaburi lako, "Huyu alidanganywa pamoja na sisi." Maneno hayo ndiyo yaliyonifariji. Nilirudi nayo Iringa nikalala nayo miezi yote ile. Baba yangu alidanganywa. Baba yangu alikuwa mwema, wabaya ni wengine.

Sasa rudi nami pale kwenye mashine.

Nilipiga kusudi la kwanza. Nikapiga la pili. Nikapiga la tatu. Nikageuza karatasi kutafuta la nne, nikakuta ramani ya mipaka. Nikarudi nyuma. Nikatazama namba za kurasa, zilifuatana vizuri, mchwa hawakufika hapo. Nikasema moyoni labda limeandikwa kwingine. Nikafunua tena, nikakutana na mwandiko wako.

Ni wewe uliyenifundisha kuandika kabla sijaanza shule, kwa kijiti, kwenye majivu ya jikoni. Ile "y" yako ina mkia mrefu unaopinda kushoto, na yangu ni hivyohivyo. Sikuhitaji kuitafuta sahihi. Karatasi ilisema: "Mimi Yohana, askari wa wanyama, nimewafahamisha wananchi wa Lwanyingo kwamba watahamishwa ili hifadhi ianzishwe, nao wote wamekubali bila kulazimishwa." Chini yake tarehe. Siku tano kabla ya mkutano.

Siku tano, Baba. Tulikuwa hatujaambiwa hata kwamba kuna mkutano.

Nyuma ya karatasi ile palikuwa na barua fupi, mistari miwili. Inasema binti wa Bwana Yohana apewe nafasi katika mafunzo ya taipu, Iringa.

Bwana Msigwa aliniita kutoka mezani kwake. "Dada, mbona umenyamaza? Utepe umekwisha?" Nikamjibu kwamba herufi zimefifia, nazisoma polepole. Nikaendelea kupiga. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe, kwa utaratibu ule niliofundishwa kwa nafasi ile. Nilipofika kwenye karatasi yako niliongeza kaboni moja na karatasi moja chini yake. Nakala hiyo ya tatu niliikunja nikaifunga ndani ya gazeti pamoja na dagaa, na Jumamosi nikapanda basi la kuja nyumbani.

Mama alikuwa uani anapepeta mpunga. Nilimsomea nikiwa nimesimama, hata begi sijaliweka chini. Hakusimamisha ungo. Aliendelea kupepeta mpaka ikawa hakuna kitu cha kupepeta, mpunga mtupu unaruka na kushuka.

Nikamwuliza, "Mama, ulijua?"

"Nilijua siku tulipoteremshwa hapa. Alinivuta nyuma ya lori akaniambia."

"Alisema nini?"

Akaweka ungo chini. "Alisema wangekataa wangepigwa, na kuhama wangehama tu. Akasema alidhani akilitamka lile neno la kubaki mbele ya watu wote, na yule mkubwa amekaa palepale anatikisa kichwa, litakuwa ahadi. Hawataweza kulirudisha."

"Na nafasi yangu ya Iringa?"

Mama alinitazama. "Ile uliipenda mwenyewe, mwanangu. Ulicheza uani hapa na barua yake mkononi." Alisema "hapa", kumbe alikuwa anauona uani wa Lwanyingo.

Nimelifikiria sana neno lako hilo ulilomwambia Mama. Nimejaribu kukuonea huruma. Nimejaribu kukuona umekaa ofisini kwao, peke yako, kalamu mkononi, wakubwa wanne wanakutazama. Labda uliogopa. Labda ni kweli ulitaka kutukinga. Lakini ahadi gani hiyo, Baba, inayotolewa kwa lugha asiyoisikia mwenye kuitoa? Ulijua Kiswahili, ulijua Kisangu, ulikuwa wewe peke yako katikati. Pande zote mbili zilikuamini, na upande uliouuza ni ule uliokuzaa.

Mama alinisihi ninyamaze. Alisema, "Amekwisha kufa, mwache apumzike. Wewe utapanda basi urudi Iringa. Mimi ndiye nitakayebaki hapa kuchota maji na hawa watu." Na ilikuwa kweli. Huenda ningenyamaza. Nakuandikia ukweli: nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza.

Ni Lutengano aliyenizuia, bila mwenyewe kujua. Wazee walikuwa wameandika barua kuomba ruhusa ya kwenda kusafisha makaburi Lwanyingo, wakajibiwa kwamba walihama kwa hiari na karatasi ya kukubali ipo. Basi watu wakaanza kuulizana: nani aliyekubali? Nani alitia sahihi? Wakamkumbuka Lutengano, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi ya kubeba mizigo ya wapima mipaka. Yule jirani yako, aliyekukandia udongo wa nyumba yako. Watu waliacha kumsalimia. Mke wake akifika kwenye pampu, wenzake wanaondoka na ndoo tupu. Mtoto wao alipougua hakuna aliyekwenda kumwona. Jumapili ile nilimkuta kanisani amekaa benchi la nyuma peke yake, na benchi la mbele yake pia liko tupu.

Mchana uleule nilikwenda kwa Mzee Kalinga.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja kumwangalia mama?"

Nikamwambia nimekuja kumsomea karatasi. Macho yake sasa yana utando, haoni ila kivuli. Nilimsomea. Akaniambia nirudie jina la mwisho. Nikarudia. Akaniambia nirudie tarehe. Nikarudia.

Akasema, "Nilimsemea kaburini." Hakuongeza neno juu yako. Akaomba fimbo yake, akaniambia nimshike mkono nimpeleke kwa Lutengano. Alifika mlangoni pale akavua kofia, mzee yule, akamwomba msamaha mwanamume anayeweza kuwa mjukuu wake. Lutengano alishindwa hata kumkaribisha. Alisimama tu na kushika fremu ya mlango.

Kufika jioni kijiji kizima kilijua. Mama alikuwa amesema kweli. Wiki ya kwanza hakuna aliyevuka kizingiti chetu. Ubao wa zahanati ulioandikwa jina lako uling'olewa, na aliyeung'oa aliuleta akauegemeza ukutani kwetu bila kupiga hodi. Mama aliutia jikoni ukawa kuni.

Wazee watano walikuja Iringa na ile nakala. Nilikuwa mezani kwangu walipopita kwenda chumba cha ndani, na hawakunisalimia, kama tulivyokubaliana. Mlango ulibaki wazi kidogo. Nilimsikia mkubwa wa ofisi akiuliza, "Karatasi hii mmeipata wapi?" Mzee Kalinga akajibu, "Tumeiokota." Akaulizwa tena kwa ukali. Akajibu vilevile, "Tumeiokota, mzee." Yule mkubwa akasema basi atawaita polisi waseme wameiokota wapi.

Nikainuka. Kiti kikagonga ukuta, Baba. Nikaingia nikasema, "Nimeipiga mimi. Na aliyeiandika ni baba yangu. Tazameni tarehe."

Kazi iliishia hapo. Nilipewa muda wa kukusanya vitu vyangu, navyo vilikuwa kikombe na sweta. Bwana Msigwa alinisindikiza hadi nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungekaa kimya, hakuna ambaye angejua ni wewe." Hakuwa ananilaumu. Nadhani alikuwa anashangaa tu.

Tarehe ile, ya kabla ya mkutano, ndiyo iliyofanya kazi. Hawakupenda ionekane zaidi. Baada ya miezi ikaja barua: kurudi Lwanyingo hakupo, kuvua hakupo, asali hakuna. Ila siku moja kila kiangazi watu wataruhusiwa kuingia kusafisha makaburi, wakifuatana na askari wa wanyama. Ni hiyo tu tuliyoipata. Wengine walilia kwa uchungu walipoisikia, wengine wakalia kwa furaha.

Tumekwenda wiki iliyopita. Mama naye alikwenda na goti lake, kwa punda wa Lutengano. Ndiyo, walimpa punda.

Kuta za nyumba zetu zimeyeyuka, zimekuwa vichuguu. Pale kivukoni tulipokuwa tukifulia nguo, tembo walikuwa wanakunywa maji. Kundi zima, Baba, na watoto wao, mmoja mdogo kiasi cha kupita chini ya tumbo la mama yake. Mto umejaa katikati ya kiangazi. Ndege weupe wametanda upande wa pili kama nguo zilizoanikwa. Nilipokuwa mdogo ulinibeba begani siku nzima kunionyesha nyayo tu, nyayo za tembo mmoja, na ulizigusa kwa kiganja ukasema, "Bado wapo, Sekela, bado wapo." Nilipowaona wale nilifurahi. Niligeuka nikuite. Kabisa, niligeuka na mdomo nimekwisha kuufungua. Kisha hasira ikanipanda hadi masikioni.

Kwa sababu yale matatu yalikuwa kweli. Ungetusomea hayo matatu, na baada yake utusomee kwamba tunahamishwa, tungelia. Tungekutukana. Mzee Kalinga angekupiga na ile fimbo. Lakini tungekuwa tumeambiwa, na makaburi tungeyaaga kwa utulivu, na labda tungebishana hadi tupate haki ile ya siku moja bila mtu kudharauliwa kwenye pampu. Ulitunyima hata nafasi ya kukataa. Hilo ndilo siwezi kulimeza.

Tulipomaliza kufyeka, Mzee Kalinga alisimama akaita majina ya wafu wa Lwanyingo, wote, wa pale na waliozikwa kijiji kipya. Kila jina watu waliitikia, "Apumzike." Aliita kwa kufuata koo. Alipofika kwenye ukoo wetu alimwita babu, akamwita shangazi, halafu akakupita wewe, akaanza ukoo mwingine.

Mama akasema, "Na Yohana."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayekumbusha chumvi. Mzee Kalinga akaacha kuita. Hata askari wa wanyama waliacha kuongea. Nilitazama chini. Mama akajiitikia mwenyewe, "Apumzike," na nikajua kwamba zamu ni yangu, na mdomo haukufunguka.

Aliyeitikia ni Lutengano. Alikuwa nyuma, ameshika kamba ya punda. "Apumzike," akasema. Baada yake wakaitikia wawili watatu. Wengine hawakuitikia. Mzee Kalinga akasubiri waishe, ndipo akaendelea.

Mimi sikuitikia, Baba. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa mtu.

Sasa nafundisha kisomo cha watu wazima hapa kijijini, jioni tatu kwa wiki, katika banda la ushirika. Wanafunzi wangu ni kumi na tisa. Mama anakaa mbele, analaumu chaki kwamba ni mbovu kila anapokosea. Mke wa Lutengano ndiye anayekwenda mbele kuliko wote. Juzi ilikuja karatasi kutoka wilayani kuhusu mashamba, na mjumbe alipoanza kuisoma mkutanoni, mke huyo wa Lutengano aliinuka akaenda kusimama nyuma ya bega lake, akafuata mstari kwa kidole. Mjumbe akakasirika akamwuliza anataka nini. Akamjibu, "Nasoma na wewe." Wanawake wengine wawili wakainuka, wakaenda kusimama naye.

Sina zaidi ya hilo la kukuahidi. Sijakusamehe, na sitakudanganya kwamba ninakaribia. Kaburi lako nalifagia, kwa kuwa Mama hawezi kuinama. Ila nakuahidi kwamba katika kijiji hiki, maadamu niko hai, hakuna karatasi itakayosomwa tena na mtu mmoja peke yake.

Lala, Baba. Taa inaisha mafuta na kesho nina somo.

Mwanao,
Sekela